Watoto wa mwaloni nao wapewe ligi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu, na jioni huwafundisha mpira watoto wa Igombe, hapa Ilemela, kwenye mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Mahudhurio yangu yanafuata mwezi. Siku za giza mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa zake, na alfajiri nusu ya watoto wako mwaloni wanasaidia kuanika. Jioni wanakuja wakisinzia, au hawaji kabisa. Mbalamwezi ikishika, uvuvi unasimama, nami napata watoto hadi nakosa pa kuwapanga. Uwanja wenyewe tunagombea na kina mama wenye dagaa. Mpira ukitua kwenye dagaa, mechi imekwisha, na siku nyingine mpira nao ndiyo umekwenda.

Tangu tupewe AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, kila mdau anahubiri kuibua vipaji. Vipaji vimeibuliwa sana, Mhariri. Kuna UMITASHUMTA ya shule za msingi, kuna bonanza la mheshimiwa, kuna ndondo za mitaani. Mtoto anang'ara siku tatu, anapewa jezi, basi. Kinachokosekana ni mechi. Winga wangu wa kushoto, miaka 11, mwaka jana alicheza mechi tano za maana. Ninazo kwenye daftari. Tano! Atajifunza lini kupoteza mpira dakika ya mwisho, akae na aibu yake wiki nzima, halafu Jumamosi arudi kujaribu tena?

Sisemi watoto hatuna. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2022 waliifunga Ufaransa 2-1 kule India na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri wao.

Tatizo jingine ni mtoano, maana ndio unaozaa vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Ukifungwa leo unafunga virago, kwa hiyo kocha anatafuta wa kumshindia leo. Mwaka juzi tulichangishana nauli ya daladala kwenda kwenye michuano ya chini ya miaka 13, tukakuta beki wa wenzetu ana sharubu. Nikalalamika. Mratibu akanijibu, "Mwalimu, cheti anacho." Kweli alikuwa nacho, kipya kabisa, hakijakunjwa hata mara moja. Tukala sita bila. Njiani kipa wangu akaniuliza kama na yeye anaweza kupatiwa cheti cha namna hiyo. Nilikosa jibu, na nimefundisha miaka mingi. Aibu hii taifa lilishaionja: Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za 2005, wakaondolewa kwa suala la umri.

Ninachoomba wala si kikubwa. Wilaya zetu mbili za jiji, Ilemela na Nyamagana, zianzishe ligi ya Jumamosi asubuhi, chini ya miaka 12, saba kwa saba, nyumbani na ugenini, mwaka mzima. Kombe lisiwepo, likiwepo tu, sharubu zinarudi. Umri uthibitishwe kwa kadi ya kliniki, ile iliyochakaa kwa kubebwa kila mwezi kwenda kupima uzito. Viwanja vya shule vipo, walimu wakuu wafungue mageti. Filimbi wapewe vijana waliomaliza kidato cha nne wakafundishwe urefa. Gharama kubwa hapo ni mipira ya namba nne na nauli.

Najua nitaambiwa Mwanza kuna vituo vya soka. Vipo, na vinafanya kazi. Lakini kituo kinachukua wachache, na hao wachache nao wanahitaji wa kucheza nao.

Giza la mwezi huu linaisha wiki ijayo. Nitakuwa mchangani na watoto kama thelathini. Timu yoyote yenye watoto wa umri wao halisi na ije; nauli ya kurudi tutawachangia, na dagaa wa kubeba hawatakosa.

Mwalimu Mstaafu,
Igombe, Mwanza