Barua kwa Mwanakombo: maboksi ya friza na mlo wa mchana

Minneapolis, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanakombo,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema daktari amekutaka upunguze kilo nane, na pale ghalani Columbus breki ya mchana ni nusu saa tu, kwa hiyo umeanza kununua vile vyakula vya boksi vilivyogandishwa, vya watu wanaopunguza uzito, unavipasha kwenye maikrowevu ya kazini. Unauliza kama vitakusaidia, na kwa nini ikifika saa kumi jioni njaa inakukamata vibaya hadi unatetemeka. Nianze na hilo la njaa, maana hilo ndilo linalowashinda wengi.

Chukua boksi moja uligeuze nyuma usome. Mengi yana uzito wa gramu 250 hadi 285, kalori 250 hadi 300, protini gramu 12 hadi 18, na nyuzinyuzi gramu tatu au nne. Kalori 280 ni sawa na kikombe kimoja na theluthi cha wali mweupe mtupu. Wewe umesimama tangu saa moja asubuhi, unanyanyua na kupanga mizigo. Chakula hicho hakiwezi kukufikisha magharibi. Kwa hiyo saa kumi unakwenda kwenye mashine ya vitafunwa, unachukua pakiti ya krispi na kopo la soda. Soda peke yake ni kalori 140 au zaidi, na usiku unapakua sahani mbili. Hesabu ya mchana yote inafutika hapo. (Ikiwa daktari amekupa dawa ya kisukari, huko kutetemeka mwambie leo, usingoje miadi.)

Hata hivyo sikuambii uyaache. Faida ya boksi ni kwamba limekupimia. Mchuzi wa nyumbani unaweza kuongezwa vijiko viwili vya mafuta bila mtu yeyote kujua, na kila kijiko kikubwa cha mafuta ni karibu kalori 120. Boksi haliongezeki mkononi mwako. Lean Cuisine, chapa ya maboksi hayo, ilipoingia madukani mwaka 1981 ahadi yake ilikuwa hiyo hiyo, mlo usiofika kalori 300. Ila lichukulie boksi kama kitoweo na wanga uliokwisha kupimwa, halafu ujazie mwenyewe. Lenga mlo mzima wa mchana ufike kalori 450 hadi 500, na protini isipungue gramu 25.

Kujazia si kazi. Boksi la kalori 280 lenye protini gramu 16, ongeza gramu 150 za brokoli za kugandishwa (kalori 50 hivi), yai moja la kuchemsha (kalori 70, protini gramu 6) na tufaha moja la wastani (kalori 95). Umefika 495, protini gramu 26, na nyuzinyuzi zimepanda kutoka nne hadi zaidi ya kumi. Tumbo linajaa kwa wingi wa chakula, na mboga ndizo zinazotoa wingi huo kwa kalori chache. Siku usiyotaka yai, tia nusu kikombe cha maharage meusi ya kopo uliyoyasuuza, au kopo dogo la mtindi mzito wa Kigiriki usio na sukari wala mafuta. Gramu 170 za mtindi huo zina protini gramu 17 kwa kalori kama 100. Mayai chemsha sita Jumapili, yaache na maganda yake kwenye friji, yatakaa wiki nzima.

Dukani usichague kwa picha. Angalia protini kwanza: chini ya gramu 14 lirudishe, na tambi za krimu na jibini nyingi zinaangukia hapo. Kisha angalia sodiamu. Kiwango cha siku kilichoandikwa kwenye lebo za Marekani ni miligramu 2,300, ambayo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Boksi lenye 600 limekula robo ya kijiko hicho, na yapo yenye 800 na zaidi. Kwa miaka mingi FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu mlo wa namna hii ujiite wa afya pale tu sodiamu yake isipozidi 600, basi shika namba hiyo hiyo. Wewe na presha ya mama yako, hili usilipuuze. Amy's wana aina walizozipunguzia chumvi, zimeandikwa hivyo mbele ya boksi, na vyakula vyao havina nyama kabisa.

Na nyama ndiyo nyingine. Kuku wa maboksi ya kawaida si wa kuchinjwa kwa taratibu zetu, na mchuzi unaweza kuwa na vipande vya nguruwe au divai ya kupikia, kwa hiyo soma orodha ya viungo mpaka mwisho. Saffron Road wana maboksi yenye nembo ya halali, mengi ya mapishi ya Kihindi ambayo ulimi wako utayazoea mara moja. Lakini hayakutengenezwa yote kwa ajili ya kupunguza uzito: mengine yanapita kalori 400. Ukila hilo, acha tufaha na yai, tia mboga tu.

Sasa kupasha, maana umesema katikati linabaki na barafu huku kingo zimekauka. Kosa si la boksi. Barafu haipokei vizuri mawimbi ya maikrowevu, maji ndiyo yanayoyapokea. Kingo zikishayeyuka kidogo zinavuta moto wote, zinachemka, na kati bado jiwe. Ndiyo sababu maelekezo yanakwambia usimame katikati ya kazi ukoroge. Watu wanaliruka hilo wakidhani ni mapambo. Fanya hivi: toboa nailoni ya juu kwa uma mara tatu au nne, au kata pembe moja, mvuke upate pa kutokea. Pasha nusu ya dakika zilizoandikwa. Funua polepole kuanzia upande wa mbali nawe, mvuke usikuunguze mkono. Vile vya katikati visukume pembeni, vya pembeni viingize kati, kama ni tambi au wali nyunyiza kijiko kimoja cha maji, rudishia nailoni, malizia dakika zilizobaki. Kisha liache limefunikwa dakika mbili kabla ya kula, joto lijisambaze. Dakika hizo mbili ni sehemu ya kupika.

Tena uangalie wati za maikrowevu ya kazini. Ziko kwenye kibandiko ndani ya mlango au nyuma ya mashine. Maboksi mengi yameandikiwa mashine ya wati 1,100. Kama yenu ni ya 700, zidisha dakika kwa 1,100 ugawe kwa 700: dakika tano zinakuwa karibu nane. Na hapa si suala la ladha tu. Boksi likiandikwa lipikwe vizuri, maana yake baadhi ya viungo vyake huenda havikupikwa kiwandani hadi mwisho, na katikati panatakiwa pafike nyuzi 74 za Selsiasi. Kipimajoto kidogo cha jikoni si ghali, kiweke kwenye kabati lako la kazini. Wenzako wakipanga foleni nyuma yako wasikuharakishe. Peleka brokoli na yai kwenye mkebe, uanze kula hivyo boksi likiwa bado linazunguka.

Asubuhi litoe friza dakika ya mwisho, liweke kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi pamoja na kipande cha barafu, ukifika litie friza ya kazini. Likishinda kwenye friji badala ya friza litakuwa limelainika nusu, basi punguza dakika moja au mbili na upime katikati. Lililokaa nje zaidi ya saa mbili litupe, hata kama linaonekana zima.

Kuhusu mizani: utapanda ukute kilo moja imeongezeka ghafla siku ya pili ya chakula chenye chumvi nyingi. Hayo ni maji, sodiamu inayashika mwilini. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kunywa chai. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kilo nane ni miezi minne hivi, usijikimbize. Na usiangalie namba ya boksi kama ya dhahabu: sheria inavumilia kalori za kweli zizidi zilizoandikwa hadi asilimia 20. Chai je? Vijiko vitatu vya chai vya sukari ni kalori 48. Ukinywa vikombe vitano kwa siku hiyo ni 240, karibu boksi zima. Anza na kupunguza hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Nakusihi pia usile boksi siku saba. Siku mbili au tatu za wiki peleka lako mwenyewe, maana linakupa protini maradufu na chumvi unaitia kwa mkono wako. Jumapili pika kuku wa halali wa kidari, kilo moja mbichi, kwa tangawizi, kitunguu saumu, bizari, nyanya na vijiko viwili vya mafuta vya kupima, si kumimina. Chemsha wali. Kila mkebe tia gramu 120 za kuku aliyeiva, gramu 150 za wali ulioiva na gramu 150 za sukuma wiki au mchicha uliokaushwa maji. Unapata mikebe sita ya kalori 450 hadi 500 kila mmoja, na protini zaidi ya gramu 35. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu macho yanadanganya kwenye wali kuliko kitu kingine chochote. Tumia mikebe isiyo na kina, chakula kipoe upesi, na kiingie friza ndani ya saa mbili. Usiache nafasi kubwa juu, hewa ndiyo inayokausha nyama na kuipa ladha ya friza. Viazi usivigandishe, vinakuwa kama mchanga. Mchuzi wa nazi utaachana ukiyeyuka, lakini ukikorogwa ukiwa moto unarudi. Ila usisahau kuhesabu tui lake, maana tui zito la kopo lina mafuta mengi. Andika tarehe juu ya kila mkebe, ule ndani ya miezi mitatu.

Ramadhani ikija tutaandikiana upya, maana mpango huu haufai futari.

Nitumie picha ya nyuma ya maboksi mawili uliyonayo sasa, ile sehemu ya namba na ile ya viungo, na wati za mashine ya kazini. Nitakuandikia la kubakiza, la kurudisha, na dakika zake. Nisalimie watoto na mama, mwambie dawa ya presha asiikatize.

Wako,
Rukia