Ziara ya shule Jumamosi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane Kisasa, hapa Dodoma, pale kituoni, twende pamoja kuiona shule tunayowafikiria watoto wetu.

Shule yenyewe ni ndogo, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa. Nilipopita juzi nilimkuta mwalimu amekaa mkekani na watoto wanane, wanamsomea kwa zamu, na aliyekwama anasubiriwa mpaka amalize sentensi yake. Mtoto mwenye haya hapotei pale.

Wanafuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza, sekondari wanafanya mtihani wa IGCSE, ule wa kimataifa wa ngazi ya kidato cha nne. Hapa naomba tusiwe na haraka. Mkitaka baadaye mtoto aingie kidato cha tano hapa nchini, matokeo yake lazima yapelekwe NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, yalinganishwe na ya kidato cha nne. Inawezekana kabisa, ila masomo yachaguliwe kwa kulijua hilo mapema. Ulizeni kama wanafundisha fizikia, kemia na baiolojia zote. Na Kiswahili je? Mimi sitaki mwanangu aende kwa bibi yake Kondoa ashindwe kuzungumza naye.

Ada: tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa dola nchini, kwa hiyo ombeni karatasi ya shilingi, yenye chakula, basi na mtihani kila kimoja peke yake.

Njooni na watoto, wataruhusiwa kujaribu ngoma na kinanda. Anayehitaji usafiri kutoka Nzuguni aandike hapa kabla ya Ijumaa jioni.