Risala ya wanakikundi wa kuweka na kukopa, Los Angeles, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, wanakikundi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru, wakili wetu, kwa kuja kutuzindulia mfuko wa biashara. Ilipasa tuanze na idadi ya wanachama, lakini leo utuwie radhi, tunaanza na jirani.

Jirani huyo ni Muirani, Mwajemi wa wazee wetu. Mtaa wa Westwood unaufahamu: vitabu vya Kifarsi dirishani, aiskrimu ya zafarani, mkate wa sangak mrefu kama ubao wa fundi. Mwaka 2010 jiji likapaita pale Persian Square.

Barazani kwetu husemwa walishuka ndegeni na pesa za mafuta. Wapo waliokuja nazo. Lakini wengi walitangulia kama wanafunzi, mapinduzi ya 1979 yakawakuta darasani, kisha zikafuata familia zilizokimbia mapinduzi na vita na Iraki. Georges Sabagh na Mehdi Bozorgmehr, watafiti wa chuo kikuu cha UCLA hapa jijini, waliwahoji mwishoni mwa miaka ya 1980, wakakuta watu wenye elimu kubwa na wengi wamejiajiri. Tena si wamoja: kuna Waislamu, Wayahudi, Waarmenia na Wabahai, kila kundi na mtandao wake. Ukienda kununua vitambaa katikati ya jiji utahudumiwa na Myahudi wa Tehran. Muarmenia utamkuta mji jirani wa Glendale.

Na hawakupokewa kwa maua. Wamarekani waliposhikwa mateka Tehran kwa siku 444, Wairani wa hapa walitukanwa njiani. Wengi wakaona afadhali waitwe Wapersia, jina la zulia na paka, ambalo halimtishi mtu. Hata mwaka 2007, Jimmy Delshad, mzaliwa wa Iran, alipokuwa meya wa Beverly Hills, wapo wakazi waliokuwa wamenung'unika kuona karatasi za kura zina Kifarsi.

Mheshimiwa, hawa si wageni kwetu. Bandari na pamba ni maneno yao. Nairuzi wanayoipangia meza ya vitu saba kila Machi ndiyo Nairuzi ya Makunduchi, ila sisi tunakoga mwaka Julai.

Tofauti iko kwenye mlango wa duka. Sisi pia tuna vyeti, lakini mhasibu wetu anaendesha teksi, na dada zetu wanasuka nywele kwenye viti vya kukodi. Mwaka juzi tulipanga chumba, tukakipaka rangi, tukajenga jiko. Mwenye jengo akatutoa mwezi wa nane, kwa kifungu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekisoma.

Maombi yetu ni mawili. Uchangie mfuko huu kadiri ya nafasi yako. La pili ndilo zito: tumepata chumba kingine, na mkataba wake uko kwenye bahasha hiyo mbele yako. Una kurasa kumi na saba. Tusomee kabla hatujatia saini Ijumaa.

Tunaomba kuwasilisha.