Barua ya wazi kwa walimu vijana wa Hisabati

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Majuzi nilikaribishwa katika shule moja ya msingi, nikaketi nyuma ya darasa la tano. Binti mmoja aliitwa ubaoni kujumlisha 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5. Mwalimu wake, kijana msomi kabisa, akawaambia wenzake wamzomee. Wakamzomea. Chaki ikamdondoka, na alipoulizwa tena, hata mbili jumlisha tatu hakuweza kuitaja.

Mtoto yule si mjinga. Kukokotoa kunataka ushike namba kadhaa kichwani kwa mpigo, na mwenye hofu kichwa chake kimeshajaa: watanicheka vipi, fimbo itatua wapi. Tunamtia woga wenyewe, kisha tunamwita mzito. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na Hisabati ikaburuta mkia, tunalaumu uvivu wa watoto wa siku hizi. Haki iko wapi hapo?

Na jibu lile lilikuwa na somo zima ndani yake! Angeulizwa kwa upole, "Mwanangu, 2/5 na nusu, ipi kubwa?" angeona mwenyewe kwamba alikuwa na nusu, akaongeza, akaishia chini ya nusu. Angeshtuka. Mtoto akishtuka namna hiyo hatulii mpaka aifikie 5/6, wala hahitaji kuchapwa.

Kukwama nako kunauma, hata kwa wakubwa. Mwanahisabati Andrew Wiles wa Uingereza alitangaza mwaka 1993 kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la hisabati lililowashinda wataalamu kwa karne nyingi, kisha uthibitisho ukaonekana una pengo. Alihangaika nalo hadi Septemba 1994 ndipo likazibika. Alipokuja kuisimulia siku hiyo mbele ya kamera, alishindwa kuzuia machozi. Wasimulieni watoto habari hii.

Mengine ni machache. Msisifu kasi. Mkikosea ubaoni, semeni mmekosea. Mpeni mtoto muda wa kunyamaza na kuwaza.

Nanyi wazazi, acheni kusema mbele ya mabinti zenu kwamba hesabu ni za wanaume. Nanyi wakuu wa shule, mwalimu mnayemfokea mbele ya wenzake kwa sababu ya wastani wa darasa, fokeo hilo analipeleka darasani asubuhi hiyohiyo. Mwiteni ofisini, mfunge mlango, mzungumze naye.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu