Kuzima masasisho ya kompyuta ni ushauri wa hatari

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyewashauri wenye shule, maduka na vyama vya kuweka akiba na kukopa wazime kabisa masasisho ya Windows, kwa sababu programu yake ya uhasibu ilikataa kufunguka baada ya sasisho. Hasara yake naielewa vyema, kwani kazi yangu hapa Mbale, Uganda, ni kutengeneza kompyuta za ofisi, na mashine za namna hiyo huletwa kwangu mara kwa mara. Hata hivyo, ushauri wake unaweza kuleta hasara kubwa zaidi. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu fulani katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapenya kupitia udhaifu uleule na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Walioumia hasa ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Programu inapogoma, jambo la kwanza ni kutambua kilichogoma ni nini. Baadhi ya mafundi wenzangu hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi inayoweza kupoteza kumbukumbu za mteja huku chanzo cha tatizo kikibaki palepale. Programu nyingi za hesabu zilizoandikwa miaka ya nyuma zinahitaji .NET Framework 3.5, yaani programu saidizi ya Microsoft zinayoitegemea ili ziendeshwe, ambayo katika Windows 10 na 11 haiwashwi mpaka mtumiaji aiwashe mwenyewe katika orodha ya vipengele vya Windows. Nyingine hukagua namba ya toleo la Windows na kukataa toleo zisilolijua. Hizo mara nyingi hutulia ukibofya kulia alama ya programu, ukafungua sifa zake na kuchagua iendeshwe kana kwamba iko katika Windows 7.

Vifaa ndivyo vinavyosumbua zaidi. Printa ya risiti, skana na kisoma alama za vidole hufanya kazi kwa kupitia draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa, na draiva huishi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo mbinu hiyo ya kuigiza toleo la zamani haifiki. Wengi wamepata pigo hapa walipohama kutoka Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 na la biti 64 (biti hapa ni kipimo cha data ambayo mfumo huichakata kwa mkupuo mmoja), lakini Windows 11 haina la biti 32. Nayo haipokei draiva ya biti 32 hata kidogo, wala haiendeshi zile programu kongwe za biti 16. Kwa hiyo anayelalamika kwamba sasisho limemharibia printa, huenda printa yake ni nzima kabisa, ila anakosa draiva ya biti 64, ambayo mtengenezaji ameiweka katika tovuti yake au hakuwahi kuiandika. Tena tangu Agosti 2021 Windows hudai haki za msimamizi kabla ya kuweka draiva ya printa inayotoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, na karani asiye na nywila ya msimamizi huona printa imekufa.

Wengi pia hawajui kwamba mtu akihamia toleo jipya, Windows huhifadhi mfumo wa zamani katika folda ya Windows.old kwa siku 10, na ndani ya muda huo anaweza kurudi alikotoka bila kupoteza faili zake, mradi folda hiyo haijafutwa ili kupata nafasi. Najua kwamba bando ni ghali, hasa tangu data ilipowekewa ushuru wa asilimia 12 mwezi Julai 2021, na aliyekwisha kupakua gigabaiti kadhaa hapendi kusikia habari ya kurudi nyuma. Ndiyo maana naisihi kila ofisi yenye kompyuta kadhaa isasishe moja kwanza, ichapishe risiti, itoe ripoti ya mwezi, ijaribu skana, na huku nyingine zisitishiwe masasisho kwa muda; Windows 11 inaruhusu hadi wiki 5. Kusitisha kwa muda ni tofauti sana na kuzima.

Lawama yangu kubwa, Mhariri, ni kwa wauzaji wanaoziuzia shule programu za karo na kuondoka bila kuacha hata maandishi yanayoonyesha programu inafanya kazi katika matoleo gani ya Windows. Naziomba bodi za shule na viongozi wa vyama vya akiba wasitie saini mkataba wowote usiotaja matoleo hayo, muda ambao muuzaji ataendelea kuirekebisha programu kila Windows inapobadilika, na nani atakayelipia marekebisho hayo.

Fundi wa kompyuta,
Mbale