Kijiji cha Jumamosi: Hiware Bazar

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi hii tutazungumzia Hiware Bazar, kijiji kidogo katika wilaya ya Ahmednagar (tangu 2024 inaitwa Ahilyanagar), jimbo la Maharashtra, India. Milima ya Sahyadri iliyo magharibi hukinga pepo za mvua kutoka baharini, kwa hiyo kijiji hupata kama milimita 400 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Juni na Septemba. Zamani visima vilikauka na watu wakahamia mijini kutafuta vibarua.

Mwaka 1989 Popatrao Pawar alichaguliwa kuongoza halmashauri ya kijiji. Wanakijiji wakachimba mitaro ya kukinga maji kwenye vilima, wakapanda miti, wakapiga marufuku kuchunga mifugo ovyo na kuchimba visima virefu vya kumwagilia mashamba.

Ninaloomba mlisome kwa makini ni bajeti ya maji. Mvua ikiisha, wanapima iliyonyesha, kisha mkutano wa kijiji unagawa: kwanza maji ya watu kunywa na mifugo, halafu mashamba. Mwaka wa mvua haba, mazao yanayokunywa sana hayapandwi. Miwa waliiacha kabisa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mitaro yote, maana mwenye shamba anakubali mbele ya jirani zake kupanda kidogo.

Shule na zahanati tutazigusa kwa ufupi. Mama Asha, tafadhali fungua mazungumzo saa mbili usiku. Wengine njooni na swali moja kila mtu.