Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maji wa mji wetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAJIBU YA VIPIMO VYA MAJI

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimefika mara tatu. Mara ya kwanza uko kikaoni Dodoma mjini. Mara ya pili nikaandikishwa kwenye daftari la malalamiko. Mara ya tatu daftari lenyewe halikuonekana.

Jumanne usiku maji yalirudi baada ya kukatika siku nne. Nilikinga ndoo sita gizani, maana kwetu maji yakitoka hulali. Kulipokucha nikaona rangi yake: kahawia, yananuka tope, uchafu umetuama chini. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa ameshakunywa kikombe. Jioni akaanza kuharisha. Nimelala naye zahanati siku mbili, dripu mkononi, banda langu la chakula limefungwa. Nesi akaniuliza, "Mama, mnachemsha?" Tunachemsha. Lakini mtoto akiamka na kiu hangoji jiko.

Lile bomba karibu na machinjio limevuja wiki tatu, na tuliripoti. Mimi si fundi. Fundi wa mtaani ndiye aliyenieleza kwamba maji yakikatwa, bomba lenye ufa huvuta ndani kilichopo nje, na nje pale ni damu na kinyesi. Huenda ndiyo sababu. Huenda tangi halijaoshwa, au klorini, dawa ya kuua vijidudu, haikutiwa. Nitajuaje mimi, kama hamsemi?

Na hilo ni la juzi tu. Maji yetu yanatoka kisima kirefu, na ukanda huu wa kati, kwetu hadi Singida, unajulikana kwa maji ya chumvi na floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wanangu wawili wakubwa wana meno yenye madoa ya kahawia. Binti anaziba mdomo kwa kiganja akicheka. Hiyo floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Sasa nesi angenishauri nini?

Wiki ya Maji, mwezi Machi, ulisimama pale stendi ukasema vipimo vinachukuliwa kila mwezi na majibu yatabandikwa kwenye kila kioski. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Ubao uliwekwa kweli. Tangu siku hiyo kilichobandikwa ni tangazo la bei mpya ya ndoo, basi.

Bili yangu inaingia kwenye simu kila mwezi pamoja na kontroli namba ya kulipia, haijawahi kuchelewa. Kumbe namba zetu mnazo! Tumieni njia hiyo hiyo: floraidi kiasi gani, klorini kiasi gani, vimelea vya kinyesi vimeonekana au havikuonekana. Maji yakiwa mabaya tuambieni tusinywe, tutahangaika kutafuta pengine. Tumezoea kuhangaika. Kunyweshwa bila kujua ndiko kunakoniuma.

Siombi bomba jipya leo, wala siombi fidia ya siku nilizofunga banda. Naomba majibu ya vipimo. Yabandikeni, yatumeni, yasomeni kwa kipaza sauti mkitaka, ila tuyapate.

Ndoo moja ya Jumanne sijaimwaga. Nimeifunika, iko uani. Mtu wako akija na chupa ya sampuli atanikuta.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama lishe, stendi